Baragumu Halisemi Kimbia

Mmeniomba niwaeleze serikali hufanya nini ardhi inapotetemeka, na naona mmeshika kalamu mkitarajia nianze na sheria. Sheria mtaisoma wenyewe. Si ndefu, na imeandikwa kwa Kiswahili kizuri. Mimi nitaanza na nguzo za mahema.

Kabla sijahamishiwa Same nilifanya kazi upande wa Mwanga, na huko ndiko nilikoongezewa uratibu wa maafa juu ya kazi yangu ya umwagiliaji. Nasema niliongezewa, kwa sababu katika ofisi za wilaya uratibu wa maafa kwa kawaida hauna meza yake. Hupewa mtu ambaye tayari ana mzigo, kwa imani kwamba mgongo uliokwisha kuinama hautaona tofauti. Katika miezi yangu ya kwanza upepo uling'oa mapaa ya nyumba kadhaa Lembeni. Tukaomba mahema kutoka bohari moja ambayo sitaitaja, nayo yakafika siku ileile, nasi tukajipongeza. Nguzo zake zilifika juma lililofuata. Mama mmoja mfanyabiashara, aliyekuwa amelala nje na wanawe, alikunjua hema lake uwanjani, akaligeuza huku na huku, kisha akaniambia kwa adabu zote: "Mwanangu, tunaishukuru serikali kwa shuka. Ni nzito kidogo, lakini tutazoea."

Aliyenifunza kazi, Mzee Kajiru, hakunikaripia. Alikuwa fundi mkuu wa mifereji, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata akiwa ndani ya tope. Alingoja hadi tuliporudi, akaniambia nisimamishe hema moja uani, pale mbele ya ofisi, watumishi wote wakitazama. Nikashindwa. "Basi," akasema, "usichoweza kukisimamisha uani kwako, usikipakie garini kumpelekea mwenzako." Tangu siku hiyo sikupakia kitu ambacho sikukifungua kwanza. Mkiona afisa anafungua kila boksi kabla ya safari, msimcheke. Huenda naye ameshaitwa mgawaji wa shuka.

Jambo la pili alilonifundisha mzee huyo ni kuuliza vizuri. Afisa kijana akifika penye maafa huuliza, "Imekuwaje?" Ni swali la mtu anayetaka hadithi, na watu waliopigwa na msiba watampa hadithi hadi jua lizame. Mzee Kajiru aliuliza hivi: nani ameumia, nani bado yuko hatarini, na njia ipi imefungwa. Swali la katikati ndilo linalosahaulika. Baada ya tetemeko macho yote hukimbilia palipoanguka, ilhali hatari imo katika kile ambacho hakijaanguka.

Nitatoa mfano wa Kifaru. Mama mmoja nyumba yake ilipata ufa baada ya mtikisiko mdogo, naye akakataa kutoka. "Ufa huu nimeishi nao tangu marehemu yupo," alisema. Ningeweza kubishana naye kutwa nzima. Nilimwomba uji mzito wa unga, nikachana kipande cha karatasi ukutani kwake, nikakibandika kukatiza ufa, nikamwambia, "Karatasi hii ikipasuka, ufa unatembea. Isipopasuka, mimi ndiye mwongo." Siku ya pili alinifuata mwenyewe ofisini, amejitwika godoro. Alikuwa na lalamiko moja tu: ile karatasi niliichana kwenye kalenda yake ya kanisani, nikamwondolea sikukuu ya Pasaka. Hiyo ni elimu ya bei ya kikombe cha uji, na imeokoa watu wengi kuliko hotuba zangu zote.

Sasa niwaambie habari ya tetemeko lenyewe, lile mnaloniuliza kila mara.

Lilitupata asubuhi, watu wakiwa katika chai ya kwanza. Mjini Same mabati yalilia kama yanapigwa fimbo, na ukuta wa ofisi yetu ukafunguka kiasi cha kupitisha kiganja. Mkuu wa wilaya wa wakati huo, mtu wa maneno machache, aliamuru meza itolewe uwanjani, kamati ya maafa ikakutana juani. Mjumbe mmoja alitaka kwanza tujadili ni nani ataandika muhtasari. Mkuu akamtazama, akasema, "Utaandika wewe, ukiwa umesimama." Tukaanza na yale maswali ya Mzee Kajiru. Afya ikaeleza waliojeruhiwa, polisi wakaeleza barabara, na elimu wakaagiza kwa redio shule zote zikae nje ya madarasa. Nataka mlijue hili, kwa kuwa watu hupenda kusema serikali huamka jioni: asubuhi ile kila idara ilikuwa imeamka. Tatizo letu halikuwa usingizi. Tulikuwa chini na hatari ilikuwa juu.

Redio ya upepo ilituletea sauti ya Masanja, mtendaji wa kata katika milima iliyo juu ya Bombo. Kijiji chenyewe sitakitaja, maana wenyewe wangali wananitania. Masanja alikuwa kijana wa kutoka Kanda ya Ziwa, mchapakazi, hajamaliza mwaka milimani.

"Mama Mratibu, tuta la ndiva limepasuka. Mlango wake umekandamizwa na jiwe, maji hayatoki. Zahanati iko chini yake."

"Watu wako wapi?"

"Majeruhi tumewapeleka hukohuko zahanati. Mama, na mke wangu yumo. Uchungu umemwanza tangu alfajiri."

Kwa ninyi ambao hamkulelewa Upareni, ndiva ni bwawa la ukoo lililochimbwa ubavuni mwa mlima. Mfereji huijaza usiku, na asubuhi mlinzi wake huifungua ili maji yaende mashambani kwa zamu. Tetemeko lilikuja kabla haijafunguliwa. Maana yake ilikuwa imejaa pomoni, tuta lake lina ufa, mlango umezibwa, na chini yake, katika jengo ambalo serikali yenyewe ilikuwa imekusanya majeruhi, mwanamke anajifungua. Nani bado yuko hatarini? Jibu tulikuwa nalo.

Nilimwambia Masanja awaondoe watu wote walioko chini, wahamie uwanja wa shule ulio ng'ambo ya korongo, juu ya mwamba. Nikaondoka na mganga msaidizi, na askari mmoja mwenye redio na kipaza sauti. Barabara ya Kisiwani ilipitika, lakini tulipoanza kupanda tulikuta jabali limekaa katikati ya njia kama mwenye nyumba. Gari tukaliacha, tukapanda kwa miguu.

Njiani nilikuwa nasikiliza kimya. Kimya kingenifariji, kingeniambia kwamba watu wamehama. Tulipozunguka kona ya mwisho nikasikia wimbo. Nikatazama juu, nikaona kijiji kizima, wake kwa waume, wamesimama juu ya tuta lililopasuka, majembe begani, wanaimba.

Masanja alikuja akiteremka mbio, shati limemlowa.

"Shikamoo mama. Nimeharibu."

"Marahaba. Umeharibu nini?"

"Simu zilikataa. Kila mtu alikuwa anapiga. Nikaona baragumu linasikika hadi bonde la pili, nikamwomba Mzee Mbwambo, mlinzi wa ndiva, alipige ili watu wakimbie." Akafuta uso. "Wamekimbia kweli, mama. Wamekimbilia juu."

Kosa hilo lisingeweza kufanyika mahali pengine. Baragumu kwa Wapare huita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na likipigwa na mlinzi wa ndiva, kazi ni ya ndiva. Hakuna aliyeuliza. Hata walioanza kuhamia shuleni waligeuka, wakapitia majembe yao. Katika zahanati walibaki wasioweza kutembea, na muuguzi mmoja.

Askari wetu akainua kipaza sauti. "Wananchi, tawanyikeni! Hapo ni hatari! Tawanyikeni!"

Hakuna aliyesogea. Kijana mmoja juu ya tuta akajibu, "Afande, anayeondoka msaragambo haujafungwa hutozwa debe la mahindi. Utatulipia wewe?"

"Serikali imebeba mdomo, jembe imesahau!" akadakia mama mwingine, na tuta zima likacheka. Nami niliona, kwa macho yangu, ufa ukicheka pamoja nao. Udongo uliporomoka kidogo pembeni.

Nilimnyang'anya askari kipaza sauti kwa upole. Katika kazi yetu kuna wakati wa kupaza sauti na wakati wa kwenda kunong'ona na mtu mmoja anayestahili. Nikamfuata Mzee Mbwambo, aliyekuwa amesimama mwisho wa tuta, pale linaposhikana na mwamba, baragumu limening'inia kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyu kijana wako ni mtu mwema, lakini mfundishe. Baragumu halisemi kimbia. Baragumu linasema njoo na jembe. Angeniambia ni mbio, ningepiga kelele tu kama mwizi ameingia."

"Ni kweli, mzee. Sasa unaona ufa ule?"

"Nauona tangu asubuhi. Ndiyo maana nilidhani tumeitwa kuuziba."

"Hatuwezi kuuziba maji yakiwa yamejaa. Na watu hawa wote uzito wao uko juu yake."

Akatazama watu wake, akatazama ufa, uso ukambadilika. "Siwezi kuwafukuza bure," alisema. "Nikifunga msaragambo bila kazi, siku nyingine nikilipiga baragumu nani atakuja?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mbele yangu nilikuwa na kile ambacho kamati yetu pale juani ilikuwa inakililia: mikono mingi, imekwisha kukusanyika, ina vifaa, na haiondoki. Ningeitawanya, kisha nianze kuomba watu wa kubeba majeruhi?

"Usiufunge, mzee," nikamwambia. "Ugawe. Kazi zipo, ila hakuna hata moja iliyo juu ya tuta."

Alinikazia macho, kisha akainua baragumu, akalipuliza mara moja, na wimbo ukakatika. Akagawa kazi kwa majina ya vitongoji, kama anavyogawa zamu za maji. Kitongoji cha juu waende kukata mfereji unaoingiza maji, mbali kule kwenye kijito. Kitongoji cha chini, wanaume kwa wanawake, washuke zahanati wakabebe wagonjwa hadi uwanja wa shule. Wachache wenye sururu wabaki nami kwenye mwamba. Tuta likawa tupu kabla askari hajamaliza kukunja waya wa kipaza sauti chake. Masanja alikuwa wa kwanza kushuka. Aliruka mtaro uliokuwa njiani, viatu vya ofisi na yote.

Ilibaki kuteremsha maji. Mlango ulikuwa umebanwa, na kuusumbua kungelitikisa tuta. Njia ilikuwa moja: kupasua mtaro mpya kwenye ncha ya tuta, penye mwamba, maji yaende korongoni badala ya zahanati. Kukata tuta la ndiva si jambo la afisa mmoja kuamua. Lina wenyewe, na lina sheria. Niliomba redio, nikamweleza mkuu wa wilaya.

"Mhandisi wa bonde atafika lini?" akauliza.

"Barabara imefungwa. Kesho, akiwahi."

"Wewe unasemaje?"

"Nasema ikatwe sasa, polepole."

"Na wenyewe?"

"Nawauliza sasa hivi."

"Wakikubali, kateni. Maswali ya baadaye nitayajibu mimi."

Vijana, mkija kuwa wakuu, kumbukeni sentensi hiyo ya mwisho. Ofisi nyingi zina watu wa kutoa ruhusa. Wachache hukubali kubaki na maswali.

Mzee Mbwambo alikuwa ameyasikia yote. Chini, upande wa mashamba, maharage yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua, na mvua hazikuwa karibu.

"Maji haya yakienda korongoni," alisema, "maharage yanakufa. Ya mke wangu yatatangulia, maana zamu ya leo ni yake. Je, serikali itatujengea ndiva?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Mtapata tamaa hiyo, nanyi mtaiona kama huruma. "Sijui, mzee. Ninachokijua ni kwamba nitauliza, na jibu lolote nitakalopewa nitalileta hapa kwa miguu yangu."

Akatema mate pembeni. "Afadhali wewe husemi ndiyo haraka," akasema. Akachukua sururu kutoka kwa kijana aliyekuwa jirani, akapiga pigo la kwanza mwenyewe. Hakuna mtu mwingine ambaye angethubutu kulipiga.

Maji ya bwawa huteremshwa kama mzigo mzito unavyotuliwa kutoka kichwani: ukiharakisha unavunja shingo. Tulichimba kina cha kiganja, tukayaacha yapite, tukaongeza kingine, tukitandika mawe ili mtaro usijile wenyewe. Kwenye ufa nilisimika vigingi viwili, kimoja kila upande, nikafunga uzi kati yake, nikamweka mama mmoja mwenye macho makali autazame kutoka kwenye mwamba. Ni ileile karatasi ya Kifaru, kwa umbo lingine. Kila mara aliita, "Umelegea! Haujakaza!" na sisi tukaongeza kiganja kingine. Ng'ambo ya korongo tuliona watu wakipanda mwinuko na vitanda vya zahanati begani, wengine mbele, wengine nyuma, muuguzi akiwafokea wasiyumbe.

Kisha yule mama akasema, bila kupiga kelele, "Uzi umekaza."

Tukaruka mwambani. Mtetemo wa pili ulikuja, mfupi, kama mtu anayejigeuza kitandani. Kipande cha tuta kikakatika palepale penye ufa, na maji yaliyokuwa yamebaki yakateremka. Yalikuwa machache. Yalifika zahanati yakiwa tope zito, yakasukuma mlango, yakajaa barazani na katika chumba cha kujifungulia hadi magotini. Hakukuwa na mtu ndani.

Tulipofika uwanjani, wanawake walikuwa wamesimama duara karibu na goli, wamenyoosha kanga zao kama ukuta. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia darasani kabla majengo hayajakaguliwa, na kina mama wale walilitii agizo hilo kuliko maofisa wengi ninaowafahamu. Masanja alikuwa nje ya duara, hana kiatu kimoja, anazunguka. Mzee Mbwambo akamwambia, "Kaa chini, mtendaji. Msaragambo huu si wako." Mtoto alipolia, watu walicheka na kulia pamoja, na askari wetu akawasha kipaza sauti akatangaza kwa kijiji kizima kuwa ni msichana, jambo ambalo kila mtu alikuwa ameshalisikia. Mzee Mbwambo aliufunga msaragambo pale pale, na hapakuwa na wa kutozwa faini.

Maharage yalikufa. Sitawaficha hilo. Chakula cha msaada kilikuja, kikachelewa kidogo, kikatosha. Jibu kuhusu ndiva lilichukua safari nyingi, nami kila safari nilipanda kuwaeleza, hata nilipokuwa nimebeba "bado" tupu. Mwishoni alikuja mhandisi mwenye kusikiliza. Yeye alileta saruji, nondo na mlango wa chuma usiobanwa na jiwe. Mzee Mbwambo akamwonyesha udongo upi hushika maji na upi huyalaghai. Kijiji kilitoa mikono. Ndiva ile leo inajaa kuliko zamani.

Kisha tukaketi kuandika mpango wa dharura wa kata. Masanja alipendekeza milio miwili ya baragumu, mmoja wa kazi na mwingine wa kukimbia. Mzee akakataa katakata. "Msilipe baragumu ndimi mbili," alisema. Mjadala ulikuwa mrefu, na ukaishia kwenye rimu ya gari iliyoning'inia shuleni, ile inayogongwa watoto waingie darasani. Ikakubaliwa kwamba ikigongwa mfululizo bila kupumzika, kila mtu aache alichoshika, apande uwanjani, na kila balozi wa nyumba kumi ahesabu watu wake. Baragumu likabaki na neno lake moja. Mpango mzima ulienea katika ukurasa mmoja, na wilayani walishangaa ufupi wake. Niliwaambia kwamba haukuandikwa usomwe. Uliandikwa ufanyiwe mazoezi.

Nimestaafu sasa, Mzee Mbwambo naye amepumzika, na baragumu analipiga binti yake. Masanja amehamishwa mara mbili, na mara mbili ameomba kurudi, akarudishwa.

Miezi michache iliyopita ardhi ilitikisika tena, kidogo, vyombo vikagongana kabatini. Mtu aliyestaafu hana wajibu, lakini miguu haijui kustaafu. Nilipanda gari la kwanza, nikadandia bodaboda, nikafika kijijini nikihema, maswali yangu matatu yako tayari mdomoni. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa watu waliokaa kwa vitongoji. Zahanati ilikuwa tupu, wagonjwa wako kivulini. Mtendaji alikuwa anaongea na wilaya kwa simu, sauti imetulia. Hakuna aliyebeba jembe.

Msichana mmoja mwenye sare za darasa la kwanza aliniona, akaja mbio. Nilimjua kwa paji la uso la baba yake, Masanja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mko salama? Kuna aliyeumia?"

"Tumeshahesabiwa wote," alisema. "Bibi, umechelewa." Kisha akanishika mkono, kwa upole wa mtu mwenye madaraka, akanionyesha mahali palipozungushiwa kamba chini ya mti wa mgrevilea. "Wageni wanakaa kule."

Nikaenda kukaa na wageni.